Tumelipa, Tumeona Masikio

Mtu akishahamia Ulaya, kitu cha kwanza kinachomtoka ni huruma kwa waliobaki. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu Mama Zuhura, anakaa Oulu, kaskazini mwa Finland, na tangu afike huko hajawahi kuniuliza kama esansi imepatikana Bujumbura. Kazi yake ni kutuma video. Theluji mlangoni, theluji juu ya gari, theluji kwenye kofia ya mtoto. Sisi tunajibu "mashallah" na maisha yanaendelea. Lakini likizo hii ya Desemba ametuma ile iliyonitoa nyumbani kwangu: amewapeleka watoto kwenye bustani ya wanyama ya Ranua.

Ranua ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Oulu, kilomita 80 kusini mwa Rovaniemi, karibu kabisa na mstari wa Aktiki. Bustani yenyewe ilifunguliwa mwaka 1983 na inafuga wanyama wa baridi: dubu weupe, mbweha weupe, mbwa mwitu, kulungu wa theluji, bundi. Desemba jua la huko linachomoza karibu saa tano asubuhi, na kabla ya saa nane mchana limeshakwenda zake. Jambo la ajabu ni kwamba msimu wa baridi saa ya Oulu na saa ya Bujumbura ni moja, hatupishani hata dakika. Kwa hiyo shemeji akipiga simu saa kumi alasiri, mimi niko Buyenzi dukani kwangu kati ya vipuri, shati limeganda mgongoni kwa jasho, na yeye yuko kwenye kiza kitupu, barafu imeota kwenye kope, anacheka.

Anacheka nini? Ameamka na watoto wanne, amewavisha nguo juu ya nguo mpaka mikono haishuki, ameendesha gari gizani, amelipa kiingilio, akaenda kusimama nje kwenye baridi ya digrii 22 chini ya sifuri. Kwa hiari yake. Safari hii hakuna aliyemfukuza.

Dubu weupe walikuwepo, hilo sikatai. Baridi ndiyo kwao. Lakini dubu wa kahawia wa kule hulala msimu wote wa baridi, na ratiba yake haijali likizo ya shule. Nimeona kwenye video kwa macho yangu: familia nzima imepanga mstari mbele ya uzio, inatazama tuta la theluji, na shemeji ananong'ona, "Humo ndani kuna dubu, tusimwamshe." Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai. Mtu analipa pesa za Ulaya aonyeshwe mnyama aliyejifunika!

Mama mkwe hakucheka. Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Rumonge na dumu la mawese, ilikuwa Ramadhani, na suala la siku ya kuondoka halijawahi kuzungumzwa mbele yangu. Yeye alikuwa ameganda kwenye video iliyofuata, ya bundi mweupe ametua juu ya kigogo, anageuza shingo taratibu kuwatazama wajukuu zake mmoja mmoja.

"Astaghfirullah," akasema. "Wamelipa waonyeshwe bundi?"

Bundi akitua juu ya bati mtaani kwetu, watu huwasha taa na kuanza kukumbuka nani ni mgonjwa. Shemeji akatumiwa ujumbe wa sauti mrefu, wenye amri ndani: watoto wasomewe dua kabla ya kulala, na picha ya bundi ifutwe kwenye simu. Nilikuwa bado nafurahia hayo pale Zuhura alipogeuka na kuniuliza, kwa sauti ya hakimu, "Baba, wenzetu wameona dubu. Sisi tumeona nini?"

Msimamo wangu katika suala hili haujabadilika, na nauandika hapa kwa sababu mbele ya mama mkwe mtu halalamiki. Katika mji wa Bujumbura wanyama hawatafutwi. Wanakuja wenyewe. Jua likishazama, viboko hutoka ziwani Tanganyika kula majani kandokando ya mji, kwenye fukwe, kwenye viwanja, mpaka karibu na kuta za watu. Wageni hukaa kwenye mabaraza ya mikahawa ya ufukweni na burusheti mkononi wakisubiri vichwa vitokeze. Kiboko mmoja anaweza kumaliza kilo 40 za majani kwa usiku. Rafiki yangu wa Kinindo alikuwa na kishamba cha lengalenga nyuma ya nyumba. Aliamka alfajiri akakuta udongo mtupu na nyayo ambazo ndoo ingekaa ndani. Hakulipa kiingilio. Hakukodi gari. Na ukipita ufukweni gizani hutamwona kiboko vizuri, lakini yeye atakuwa amekuona, na kuna watu ambao hawakurudi nyumbani kwa sababu hiyo. Sasa mnyama wa namna hiyo nimfuate kwake, mchana, nikiwa na watoto, na nimlipie?

Nilipendekeza Makumbusho Hai ya hapa mjini, ile ya tangu mwaka 1977: mamba wapo, nyoka wapo, na ukimaliza unarudi nyumbani kwa miguu. Watoto wakasema wameshakwenda na shule. Nikasema mamba hakui mpya kila mwaka, basi hata akirudiwa hakuna ubaya. Mama Zuhura akasema, "Baba Zuhura, kesho kutwa tunakwenda Rusizi," na kikao kikafungwa.

Rusizi si mbali. Kilomita 15 hivi kwa barabara ya Gatumba, ile ile inayokwenda mpakani na Uvira. Mto unatoka Ziwa Kivu, unashuka bonde lote, na unapofika Tanganyika unatawanyika kwenye matete. Hapo ndipo penye hifadhi. Sehemu yake nyingine iko juu zaidi bondeni, kwenye mikoche. Mwaka 2002 delta hiyo iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Dunia nzima inaijali, na mimi nimepita hapo miaka na miaka nikienda Uvira kufuata vipuri bila hata kugeuza shingo. Mama Zuhura alilisema hilo mbele ya watoto, kama ushahidi.

Gari langu lipo. Lakini gari bila esansi ni banda la kuku, na Bujumbura ya miaka hii mtu hupanga foleni kituoni leo kwa safari ya wiki ijayo, kama ipo. Ikabidi nikodi gari la mtu mwenye esansi yake. Mwenye gari aliponiuliza tunakwenda wapi, nikamwambia Rusizi, kutazama wanyama. Akanyamaza kidogo, halafu akapandisha bei. Nilimwelewa. Mtu mwenye pesa za kutazama wanyama hana sababu ya kupunguziwa.

Sasa kukaa ndani ya gari. Mbele ni dereva na mama mkwe, hilo halina mjadala, mama mkwe hakai nyuma. Nyuma ni Mama Zuhura, Zuhura, Idi, mdogo wao Hamisi, kikapu cha chapati na ndagala wa kukaanga, chupa ya chai, mwavuli wa mama mkwe, na mimi. Hamisi aliwekwa pajani kwangu na kikapu kikawekwa pajani kwa Hamisi. Dirisha la upande wangu lilikuwa halishuki. Mama mkwe aliagiza la kwake lipandishwe pia, kwa ajili ya vumbi, na mimi nikasema, "Ndiyo, mama." Huko Finland watu wanalalamikia baridi. Laiti wangeniletea kidogo tu, hata kwenye kikombe.

Tulipofika Gatumba niliacha kunung'unika kwa muda, maana pale kuna watu wenye haki ya kunung'unika kuliko mimi. Rusizi ilivunja kingo mwaka 2020 na maelfu kwa maelfu wakahama, kisha ziwa nalo likawa linapanda, na mwaka 2024 maji yakarudi tena. Ukutani bado unaona mstari wa matope maji yalipofikia, kwenye nyumba nyingine juu ya kitasa cha mlango. Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na linapokea mito kutoka nchi hadi nchi, lakini mdomo wa kutolea maji ni mmoja tu, mto Lukuga, kule Kalemie upande wa Kongo. Ukijaa mchanga na matope, sisi wa juu tunafurikiwa. Idi aliuliza kwa nini wasichimbe huo mdomo. Mtoto wa miaka kumi ameuliza. Wenye vyeo wajibu.

Hifadhini tukalipa, tukapewa kiongozi, kijana mpole mwenye viatu vya mpira. Alituambia kwamba mafuriko yalipopanda, askari wa hifadhi walikuwa wanazunguka kwa boti mahali walipozoea kutembea kwa miguu. Kisha akaonyesha jaketi za kuokolea. Mama mkwe aliangalia ile jaketi ya rangi ya machungwa, akaangalia kanga yake, akaangalia boti, akasema yeye atatusubiri chini ya mti na kikapu. Hakuna aliyembishia. Niliomba nami nibaki, ili mama asikae peke yake, kwa heshima tu. Mama Zuhura akanifunga jaketi mwenyewe, akaivuta mikanda kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mtoni ni matete kushoto, matete kulia, maji ya udongo katikati, na kwa mbali milima ya Uvira imekaa na mawingu yake. Jua lilikuwa juu ya utosi. Ndege walikuwa wengi, nasema kweli: mwari wanapita chini kwa chini, mdiria anajitupa majini na kutoka na samaki, kwera wamejaza viota. Watoto hawakutaka ndege. Ndege si dubu.

Kiongozi akazima injini. "Wale pale," akasema.

Tukatazama. Maji. Akanyoosha kidole tena. Ndipo nikayaona: masikio mawili. Madogo, mekundu kidogo kwa ndani, kila moja linazunguka upande wake. Yakapigapiga, matone yakaruka, yakatulia. Pembeni yakatokea mengine mawili, halafu matundu ya pua yakafunguka, pfuu, yakafunga. Chini ya kila jozi ya masikio, kiongozi akatueleza, kuna mwili wa tani moja na nusu na zaidi, na anaweza kukaa humo dakika tano bila kuvuta pumzi. Dubu mweupe dume, yule wa kutumiwa video, ni kilo 400 mpaka 600 hivi. Nilimwambia Zuhura kwamba kwa uzito tumewashinda Finland mara tatu. Akasema, "Lakini wenzetu wamemwona wote." Nikamwambia ajumlishe masikio.

Mmoja akawa na huruma. Aliinua kichwa, akafungua kinywa, akaendelea kukifungua pale ambapo viumbe wengine hukoma, tukaona meno ya chini yamesimama, ya manjano, marefu kuliko mkono wa Hamisi.

"Maskini, ana usingizi," akasema Mama Zuhura, simu juu, anarekodi.

"Mama, huyo hana usingizi," kiongozi akamjibu kwa adabu. "Huyo anatuambia tuondoke." Na injini ikawaka kabla hajamaliza sentensi. Ikumbukwe kwamba kwenye bustani za Ulaya kuna uzio, na upande wa pili wa uzio kuna mkahawa. Sisi kati yetu na tani moja na nusu kulikuwa na adabu ya kiboko tu.

Idi hakujali. Idi hakuja kwa ajili ya viboko, alikuja kuonana na Gustave. Kila mtoto wa Bujumbura anamjua Gustave bila kumwona, yule mamba aliyepewa jina na Mfaransa Patrice Faye, aliyemfuatilia miaka mingi. Alikadiriwa kuwa na zaidi ya mita 6 na uzito wa karibu tani, mwili una makovu ya risasi, na husemwa amekula watu mpaka 300, hesabu ambayo hakuna aliyekaa na daftari kuihakiki. Wazungu walimtengenezea mtego mkubwa wa chuma, wakatia chambo, wakasubiri na kamera. Filamu ya kumsaka ilitoka mwaka 2004, Gustave hakutoka. Mwaka 2007 Hollywood wakamtungia yao, Primeval, hadithi ikiwa ya Burundi na picha zikapigwa Afrika Kusini. Hata mamba wetu akipata kazi ya filamu, mshahara unakwenda kwa jirani.

"Sasa yuko wapi?" Idi akauliza.

"Miaka mingi hakuna habari za uhakika," kiongozi akajibu. "Wengine wanasema amekufa, lakini mzoga haujaonyeshwa."

Idi akatafakari. "Kwa hiyo anaweza kuwa chini yetu sasa hivi."

Sijui kwa nini tunawapeleka watoto shule. Kuanzia hapo Mama Zuhura alishika mkono wangu mpaka tukashuka, na nina alama za kucha za kuthibitisha.

Huku nchi kavu mambo yalikuwa yameendelea bila sisi. Tumbili walishuka kutoka mtini kumkagua mama mkwe. Kwa maelezo yake, mkubwa wao alikaa mbele yake, akamtazama kwa heshima kama mkwe anayeleta barua, kisha akaingiza mkono kikapuni na kuondoka na chapati. Mama mkwe akafungua mwavuli. Wenzake wakaja kuangalia kuna nini. Tulipofika ufukweni alikuwa amesimama juu ya jiwe, mwavuli mbele kama ngao, anawasomea tumbili kwa Kirundi na Kiswahili makosa yao na ya wazazi wao. Chapati zilikuwa zimekwisha, ndagala hawakuguswa. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Ndiyo picha nzuri pekee ya siku ile, na mama mkwe ameikataza.

Mvua ya Desemba haipigi hodi. Ilitukuta katikati ya ndagala. Tulikimbilia garini tukiwa tumelowa, madirisha yakafungwa yote, na yale ya dereva yakaingia ukungu, ikabidi nimpangusie kioo kwa kofia yangu nikiwa nyuma, nikijinyoosha juu ya bega la mama mkwe bila kumgusa, jambo ambalo ningependa vijana wanaotaka kuoa walifanyie mazoezi mapema. Hamisi alilala. Kikapu kitupu kilibaki pajani kwake.

Usiku Mama Zuhura alituma kila kitu Oulu: masikio, kinywa, mwari, mimi nimefungwa jaketi. Nilidhani habari imekwisha hapo. Saa nne simu ikalia, na mara hii shemeji hakucheka. Watoto wake wanalia. Wamegundua kwamba kwa babu zao wanyama wanatembea bila uzio, na wamekataa kabisa kurudi kutazama tuta la theluji.

"Shemeji," akaniambia, "tunakuja Julai. Sote sita. Wanataka Gustave."

Nilianza kumweleza habari za esansi, kwa utaratibu, tangu foleni zilipoanza. Mama Zuhura akaichukua simu mkononi mwangu na kumwambia kaka yake karibuni sana, Baba Zuhura anapajua Rusizi vizuri, tena anapapenda. Mama mkwe aliposikia wajukuu wanakuja alishukuru Mungu, akasema basi hakuna maana ya kwenda Rumonge na kurudi, ni kupoteza nauli. Leo asubuhi, kabla sijafungua duka, mwenye gari alikuwa amesimama mlangoni. Mama Zuhura ameshamwambia watu ni kumi na wawili. Anataka kujua kama nitalipa malipo ya awali sasa, au nitasubiri bei ya Julai.